UCHAMBUZI: Mto Nairobi ukisafishwa, tope lake litapelekwa wapi?

MNAMO Machi 2025 serikali ilizindua mpango wa kuufufua Mto Nairobi na vijito vyake kwa gharama iliyotangazwa kuwa Sh50 bilioni. Kabla ya hapo, tangu Oktoba 2024, maelfu ya vijana wa mitaani walikuwa wameajiriwa katika mradi wa Climate WorX kuzoa taka zilizorundikana kandokando ya maji. Kisha tingatinga zikateremka mtoni kupanua mkondo na kuchimbua tope lililolala humo kwa miongo mingi. Mpango huo unahusu pia mabomba makuu ya maji taka na mandhari ya kupumzikia kingoni.

Mkazi wa Umoja anaweza kudhani kuwa jambo hili halimhusu. Mtaa wake hauna mto. Hata hivyo, ukitazama ramani utaona kwamba Umoja umekaa baina ya mito miwili: Mto Nairobi upande wa kaskazini, unaopitia Kariobangi Kusini na Dandora, na Mto Ngong upande wa kusini, unaotokea Eneo la Viwandani. Kariobangi Kusini na Umoja zimo katika eneobunge moja, la Embakasi Magharibi. Aidha, mtaa huu ulipojengwa miaka ya 1970 kwa ufadhili wa Marekani, ulikusudiwa kuwa wa nyumba za chini za familia. Leo umejaa majumba ya ghorofa, ilhali mabomba ya maji taka yalipimwa kwa ajili ya zile nyumba za chini. Yanapofurika, maji hayo hufuata mteremko, na mteremko huishia mtoni.

Mwandishi wa makala haya amehariri habari kwa zaidi ya miaka 25, na kichwa "Mto Nairobi kusafishwa" amekiandika mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Mwaka 1999 Shirika la Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira, UNEP, lilianzisha mpango wa bonde la mto huu. Kuanzia mwaka 2008, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliuvalia njuga usafishaji huo kwa ukali uliowashangaza wengi, na bustani iliyo karibu na mzunguko wa Globe ikaja kupewa jina lake. Katika kila awamu vipimo vya ufanisi vimekuwa vilevile. Kwanza hutazamwa kama taka zimeondolewa, kisha kama rangi ya maji imebadilika na kama uvundo umepungua. Kipimo cha mwisho, ambacho ndicho hupigiwa makofi mengi, ni samaki. Tunaambiwa tusubiri siku ile wananchi watakapovua samaki katikati ya jiji.

Hapo ndipo penye hoja ya makala haya. Samaki ni shahidi asiyeaminika. Anaweza kurejea mtoni, akanenepa, akazaana, na bado akawa amebeba mwilini sumu ambayo jicho la mvuvi wala pua ya mpishi haiwezi kuitambua.

Mfikirie kambare. Samaki huyu ana kiungo maalumu juu ya matamvua kinachomwezesha kupumua hewa ya kawaida. Maji yakikosa oksijeni kwa sababu ya uchafu, yeye hupanda juu, akapiga pumzi, akarudi chini. Chini huko ndiko anakokula: hufukua tope akitafuta minyoo, mabuu na mizoga. Kwa hivyo huenda kambare akawa wa kwanza kurejea katika mto uliosafishwa nusu, na watu wakashangilia, ilhali yeye ndiye anayeishi karibu zaidi na lile lililoachwa bila kusafishwa.

Wataalamu huliita tope hilo mashapo, yaani chembechembe za udongo, majivu, mabaki ya mimea na uchafu zinazotuama chini ya maji. Chembe hizi ndogo zina tabia ya kushika. Madini ya risasi, zebaki, kadimiamu na kromiamu hayapendi kuelea majini kwa muda mrefu. Hunata kwenye udongo mfinyanzi na kuzama nao. Ndivyo yanavyofanya pia mabaki ya mafuta ya magari na viuadudu vya zamani. Maji yaliyopita Kariobangi Kusini asubuhi huwa yamekwenda mbali kufikia jioni. Tope halina haraka. Hubaki pale, tabaka juu ya tabaka, likiwa kama daftari la kila kitu ambacho jiji limekimwaga.

Tukilifungua daftari hilo tutapata historia yetu. Kenya iliacha kutumia petroli yenye risasi mwaka 2006, lakini risasi iliyotoka katika mabomba ya moshi ya magari kwa miongo kadhaa haikuyeyuka na kutoweka siku hiyo. Ilikuwa imekwisha kushuka barabarani na kuzolewa na mvua hadi mitaroni. Dawa ya DDT ilipigwa marufuku katika kilimo mwaka 1986, nayo ni miongoni mwa kemikali zinazochukua miongo mingi kuoza. Mafuta ya transfoma za kale yalikuwa na kemikali za jamii ya PCB ambazo dunia iliafikiana kuzikomesha kupitia Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Kwamba katika nchi hii kuna watu waliokuwa wakiiba mafuta ya transfoma na kuyauza kwa wakaangaji wa vibanzi ni kisa cha kusikitisha kinachohitaji makala yake. Ongeza hapo maji ya viwanda vya ngozi, karakana zinazovunja betri, na gereji zinazomwaga oili chafu kwenye mitaro isiyo na kichujio.

Kuna sehemu moja ya bonde hili ambayo ilipimwa na matokeo yakachapishwa. Mwaka 2007 UNEP ilitoa utafiti kuhusu jaa la taka la Dandora, ambalo liko ukingoni mwa Mto Nairobi. Watoto 328 wa umri wa kati ya miaka 2 na 18 walichunguzwa. Nusu yao walikuwa na kiwango cha risasi damuni kilichofikia au kupita mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango ambacho kilikuwa kikihesabiwa wakati huo kuwa mpaka wa hatari. Sampuli moja ya udongo kutoka ndani ya jaa ilikutwa na zebaki ya sehemu 46.7 kwa kila sehemu milioni, ilhali kiwango kilichotajwa kuwa cha kustahimilika kilikuwa sehemu 2. Huo ni udongo wa nchi kavu. Mvua inaponyesha Dandora, maji yanayotiririka kutoka juu ya lile jaa yana mahali pamoja tu pa kwenda.

Samaki hudhurika vipi? Njia ni nyingi. Shaba na zinki huchoma matamvua, na samaki akashindwa kupumua hata pale maji yana oksijeni ya kutosha. Risasi hushambulia neva na kupinda uti wa mgongo. Dume la ngege huchimba kiota katika tope ili kumvutia jike, na vifaranga huanza maisha yao palepale. Mabaki ya mafuta yaliyoungua hudhuru ini. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1990, wanasayansi waligundua samaki madume waliokuwa na mayai ndani ya korodani katika mito inayopokea maji taka yaliyokwisha kusafishwa mitamboni. Chanzo kilikuwa homoni zitokazo mwilini mwa binadamu, zikiwemo zile za vidonge vya kupanga uzazi. Ikiwa maji yaliyosafishwa yanaweza kufanya hivyo, yale yasiyosafishwa tuyaseme nini?

Zebaki ina hila yake. Ikiwa katika hali ya kawaida tu si rahisi samaki kuifyonza kwa wingi. Lakini ndani ya tope lisilo na hewa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa zebaki ya kikaboni, na hiyo hupenya mwilini na kukaa. Mnyoo huila, samaki mdogo humla mnyoo, samaki mkubwa huwala wadogo mia, na kila hatua kiwango hupanda. Binadamu ndiye yuko mwisho wa ngazi hiyo, na anayeathirika zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwa kuwa ubongo wake ndio kwanza unaundwa.

Msomaji wa Umoja atauliza: nani anakula samaki wa Mto Nairobi? Swali hilo ni la haki. Samaki wengi wanaokaangwa jioni kando ya barabara za mtaa huu hutoka Ziwa Victoria, Turkana, kwenye mabwawa ya wafugaji au ndani ya makasha ya barafu kutoka China. Mama anayegeuza ngege kwenye karai hana hatia yoyote, wala makala haya hayakusudii kumfukuzia wateja. Omena, mathalan, huishi muda mfupi na hula viumbe vidogo vinavyoelea, hivyo hawapati nafasi ya kulimbikiza sumu nyingi. Vipimo vilivyofanywa Ziwa Victoria mapema miaka ya 2000 vilionyesha kuwa mbuta wengi walikuwa chini ya kiwango cha kimataifa cha miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo, ingawa waliokuwa wakubwa kwa umbo walikuwa na zaidi kuliko wadogo. Wakati huohuo, wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Kaunti ya Migori wamekuwa wakitumia zebaki kukamata vumbi la dhahabu, na mito ya huko huishia ziwani.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni nani anayepimiwa samaki wake. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya ripoti kuwa baadhi ya wavuvi walikuwa wakivua kwa sumu. Viwanda vya Kenya, Uganda na Tanzania viliumia. Serikali zilipoona fedha za kigeni zinapotea, maabara zikapatikana, wakaguzi wakapatikana, na vyeti vikapatikana. Lakini kinachokwenda Ulaya ni mnofu. Mifupa na vichwa, ambavyo mitaani huitwa mgongo wazi, hubaki nchini, hukaangwa na kufika hadi soko la Gikomba na mitaa ya watu wa kipato cha chini. Sasa zingatia hili: zebaki hukaa katika mnofu, lakini risasi hupenda mfupa, kwa samaki kama ilivyo kwa binadamu. Hii haina maana kuwa mgongo wazi ni sumu. Maana yake ni kwamba cheti cha mnofu hakiwezi kumsemea mtu anayekula mfupa.

Kuna pia wale wanaokula samaki wa mto huu bila kuuita kwa jina lake. Mto Nairobi ukishapita Ruai huingia katika Mto Athi. Samaki wa Athi, wakiwemo kambare na aina ya ngege ya asili ya bonde hilo, huvuliwa na wenyeji kuanzia maeneo ya Fourteen Falls na kuteremka chini. Mbele zaidi, kwenye mpaka wa Makueni na Kitui, ujenzi wa bwawa la Thwake ulianza mwaka 2018 kwa nia ya kuwapa maji wakazi wa kaunti hizo na jiji la Konza. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali imewahi kuonya kwamba maji ya bwawa hilo huenda yasifae kwa matumizi ya binadamu kutokana na uchafu unaoletwa na Athi.

Onyo hilo lilihusu maji. Kwa upande wa samaki hali inaweza kuwa ngumu zaidi. Bwawa ni mtego wa tope. Mto unaokwenda kasi hubeba chembe zake; ukifika kwenye ukuta hutulia na kuziangusha zote. Tena, mabwawa mapya yanapofunika majani na vichaka, mimea hiyo huoza na kumaliza oksijeni chini, na bakteria wale wa zebaki hupata makao wanayoyapenda. Nchi zenye mabwawa makubwa, Kanada ikiwemo, zimeshuhudia zebaki ikipanda katika samaki kwa miaka mingi baada ya bonde kujazwa maji. Mkamba atakayevua Thwake atakuwa anavua, kwa sehemu, kile ambacho Nairobi ilikitupa.

Turudi kwenye tingatinga. Kuchimbua tope ni tiba, lakini tiba hii humwumiza mgonjwa kabla ya kumponya. Katika Mto Black wa jimbo la Ohio, Marekani, kiwanda cha koka kilikuwa kikimwaga mabaki yake kwa miaka mingi. Samaki wa jamii ya kambare walioishi humo walipatikana na saratani ya ini kwa wingi. Kiwanda kilifungwa mapema miaka ya 1980, na hali ikaanza kuwa nafuu. Kisha, mwaka 1989 na 1990, tope likachimbuliwa. Samaki waliochunguzwa muda mfupi baadaye walikuwa na saratani zaidi, kwa sababu sumu iliyokuwa imezikwa ilitifuliwa na kurudi majini. Ni vizazi vilivyozaliwa baada ya hapo ndivyo vilivyokuwa na afya. Waliofanya kazi ile walijua hayo kwa kuwa walikuwa wamewapima samaki kabla, na wakawapima tena baada.

Japani nayo ina funzo la muda. Kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki katika ghuba ya Minamata kuanzia mwaka 1932. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na kiwanda kikakoma kumwaga mwaka 1968. Lakini tope lilikuwa bado pale. Lilichimbwa na kufukiwa nyuma ya kuta maalumu kati ya mwaka 1977 na 1990, na ilikuwa mwaka 1997 ndipo samaki wa ghuba hiyo walipotangazwa kuwa salama na nyavu zilizowazuia kutoka zikaondolewa. Ilichukua miaka 29 tangu uchafu ukome. Kejeli ni kwamba uamuzi wa kuanza mazungumzo yaliyozaa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa Februari 2009 papa hapa Nairobi, katika makao ya UNEP ya Gigiri, na Kenya ikautia saini mwaka 2013. Kutoka Gigiri hadi Dandora si safari ya saa moja, barabara ikiwa wazi.

Kwetu sisi, tope likishatolewa huonekana kama kazi iliyokwisha. Likirundikwa kingoni kwa siku chache hukauka na kuwa udongo mweusi unaovutia, na mkulima wa sukuma wiki au nduma hauoni kuwa taka bali mbolea. Hawezi kulaumiwa; hakuna aliyemwambia kilichomo. Mvua kubwa nayo haingojei ratiba ya mradi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliyoua watu na kubomoa nyumba katika Mathare na kwingineko yaliacha tope hilohilo ndani ya vyumba vya watu, nao wakalizoa kwa mikono.

Sheria haikuwahi kulikabili jambo hili ipasavyo. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ndiyo iliyounda NEMA, na Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka viwango vya maji ya kunywa, ya kunyunyizia mashamba, ya kuogelea, na ya viwanda yanayoruhusiwa kumwagwa. Majedwali yake yalikuwa marefu na mazuri, lakini yalipima maji. Kiwanda kinaweza kumwaga usiku, maji yakapita, na mkaguzi anayefika asubuhi na chupa yake akakuta mto usio na hatia. Angechukua kijiko cha tope angepata ushahidi wa miaka 20. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Haikusema haki hiyo inaishia pale maji yanapogusana na udongo.

Kinachohitajika si muujiza wala fedha za kutisha zikilinganishwa na Sh50 bilioni. Nchi ina vyuo vikuu, ina Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ina maabara ya serikali. Tope la kila sehemu ya mto, kuanzia juu ya jiji hadi Ruai, lipimwe kabla ya kuguswa, na matokeo yabandikwe mahali ambapo mkazi wa Kariobangi Kusini anaweza kuyasoma. Kambare wavuliwe chini ya Ruai na maini, mifupa na minofu yao ichunguzwe sasa, ili miaka 5 ijayo kuwe na kitu cha kulinganisha. Sehemu zenye tope chafu zaidi zichimbwe kwa utaratibu, wakati wa kiangazi, mkondo ukiwa umezuiliwa, na vijana wanaoingia humo wapewe glavu na viatu vya mpira vinavyofika magotini, si fulana yenye maandishi pekee.

Kisha lipo swali ambalo mwakilishi wa wadi yeyote wa Embakasi Magharibi anaweza kuliuliza katika Bunge la Kaunti bila kuhitaji mtaalamu: malori yanayobeba tope hilo yanakwenda wapi? Jaa kuu la jiji hili ni lile la Dandora. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na liko ukingoni mwa mto uleule.